Kuchagua Gramafoni ya Sahani za Zamani

Katika nyumba kadha wa kadha za Mombasa, Lamu na Unguja, na hata Nairobi kwa watu waliohamia kutoka pwani, limo sanduku la sahani za gramafoni asiloweza mtu kulitupa wala kulitumia. Sahani zenyewe ni nyeusi, nzito, nyepesi kuvunjika kama kigae. Zimetengenezwa kwa shelaki, gundi itokayo kwa wadudu wa Bara Hindi, jamaa ya lakiri waliyopigia mihuri makarani wa zamani. Babu ndiye aliyezinunua. Aliyezirithi amerithi sauti asizoweza kuzisikia, kwa maana gramafoni ya kutia ufunguo ilikwisha katika springi yake siku nyingi.

Siku apatapo fedha kidogo, mrithi huyu huenda dukani akanunua gramafoni ya umeme ya kwanza aionayo, mara nyingi ile ya kisanduku chenye mkono wa kubebea. Huileta nyumbani kwa furaha, akaweka sahani, na sauti ikatoka. Lakini bibi mzee aliyeketi pembeni, aliyemsikia mwimbaji yule kwa masikio yake arusini, hutikisa kichwa akasema, "Huyu siye." Wajukuu humcheka, wakidhani uzee umemwondolea masikio. Huenda bibi ndiye mwenye haki.

Sababu ni mwendo. Sahani hizi huitwa za 78, yaani mizunguko 78 kwa dakika, na watu hudhani kwamba hesabu hiyo ilikuwa sheria tangu mwanzo. Haikuwa hivyo. Zamani mashine ya kunasia sauti juu ya nta iliendeshwa na uzito ulioshuka polepole, kama wa saa kubwa ya ukutani, na fundi aliupanga mwendo kwa mkono. Kampuni moja ilipenda 78, nyingine 80, na zipo sahani za kabla ya mwaka 1925 zilizonaswa kwa mizunguko 72 hivi. Hata zilipokuja mota za umeme, mataifa hayakupatana kabisa: penye umeme wa mapigo 60 kwa sekunde, kama Marekani, mwendo ulikuwa 78.26, na penye mapigo 50, kama Uingereza, ulikuwa 77.92. Tofauti hii ya mwisho ni ndogo mno, wala haifai kumkosesha mtu usingizi. Ile ya 72 ni jambo jingine.

Sahani iliyonaswa kwa 72 ikizungushwa kwa 78, kila kitu hupanda zaidi ya 8 kwa mia. Nusu sauti ya kinanda, yaani kutoka kibao cheupe hadi cheusi kilicho jirani yake, ni karibu 6 kwa mia. Basi mwimbaji amepandishwa kupita nusu sauti nzima, na wimbo uliochukua dakika tatu na robo umekwisha kwa dakika tatu. Pumzi zake zimefupizwa, mtetemo wa koo umekuwa wa haraka, udi unalia kama uliokazwa nyuzi kupita kiasi. Mama mtu mzima amegeuzwa msichana.

Wazee hawakupata taabu hii, maana gramafoni zao za ufunguo zilikuwa na kitasa kidogo kando ya sinia, cha kuongeza na kupunguza mwendo. Watu walikigeuza mpaka sikio likaridhika. Yaitwayo leo gramafoni yenye mwendo wa kurekebishwa si uzushi wa vijana wa dansi, kama wengi wanavyodhani. Ni kitasa kile kile kilichorudi.

Jambo hili si la anasa tu. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari kwenda Bombay pamoja na wapigaji wake, akaimba mbele ya mashine za His Master's Voice, na sahani zake zikanunuliwa sana katika Afrika ya Mashariki. Alifariki mwaka 1950. Waliomsikia kwa masikio yao, kama wako, ni wachache kabisa. Baada yao hapana atakayesema "huyu siye". Sahani peke yake ndiyo itakayotoa ushahidi. Na siku hizi mtu akiisha kuipiga sahani nyumbani, huinakili katika kompyuta, akawapelekea jamaa kwa simu, nao wakawapelekea wengine. Nakala iliyonakiliwa kwa mwendo wa uongo husafiri mbali, na mwenye kuipokea hana la kuilinganishia.

Basi mnunuzi aulize nini dukani? Kwanza, je, inafika 78? Hapa wengi hunaswa. Mashine ya Technics SL-1200MK2 ya mwaka 1979, iliyopendwa na wapiga dansi wa dunia nzima, ina kirekebishi cha kuteleza kizuri sana, 8 kwa mia kila upande, lakini huzunguka kwa 33 na 45 tu. Kwa mwenye sanduku la shelaki haina faida. Technics waliacha kuunda mashine za jamii hiyo mwaka 2010, wakazirudisha mwaka 2016; na ile ya SL-1200MK7 iliyotoka mwaka 2019 inafika 78, tena hurekebishwa 8 au 16 kwa mia. Audio-Technica AT-LP120XUSB ni ya bei nafuu kuliko hiyo, nayo inafika 78, hurekebishwa hadi 16 kwa mia, tena ina kikuza sauti chake ndani na waya wa kuiunganisha na kompyuta. Kwa nyumba ya kawaida hii ya pili inatosha. Fedha iliyobaki inunue sindano.

Ile 8 kwa mia juu ya 78 humfikisha mtu kutoka 71.8 hadi 84.2, na sahani nyingi zimo humo. Ile 16 hushuka hadi 65.5 na kupanda hadi 90.5. Zaidi ya hapo ni ya kuchezea watoto.

Wako wapendao vitu vya kale, nao husifu Lenco L75 ya Uswisi. Ndani yake mna gurudumu la mpira liendalo na kurudi juu ya mhimili wa mota uliochongwa kama pia, na kwa njia hiyo mtu hupata mwendo wowote kati ya 33 na 78, bila ngazi. Ni kazi ya fundi mwenye akili. Lakini mpira huzeeka ukawa mgumu, na vijipande vinavyoushika mkono wa sindano hukatika. Asiyejua kutengeneza asiinunue kwa mapenzi tu.

Pili, umeme. Vitu vingi huletwa Kenya na jamaa walioko Marekani, ambako umeme ni wa volti 120. Hapa ni volti 240, na mashine isiyobadilishwa huungua mara moja. Mwenye kuleta transfoma hudhani amepona. Lakini transfoma hubadilisha volti, haibadilishi mapigo. Mota ya kizamani inayofuata mapigo ya umeme, ikitoka penye 60 kuja penye 50, hupoteza sehemu moja katika sita: badala ya 78 itakwenda 65. Mashine zenye mota inayoongozwa na kristali ya kwatzi haziingii katika mtego huo.

Tatu, sindano. Mfereji wa sahani ya shelaki ni mpana, wataka ncha ya mikroni 76 hivi. Sahani ndefu za 33 zilizokuja mwaka 1948 zataka ncha kama ya mikroni 25 au chini yake. Ncha nyembamba ikiwekwa juu ya shelaki huburura chini ya mfereji, ikikokota mchanga wote wa miaka 70, na sauti hugeuka kama ya kukaanga samaki. Mashine ambayo kichwa chake cha sindano hakibadilishiki, mnunuzi aiache pale pale dukani, hata ikiwa na kirekebishi cha dhahabu.

Kuna karatasi ya duara yenye mistari ya kupimia mwendo. Kwa umeme wetu ni mistari 77. Ikizunguka chini ya taa ya neoni, mistari huonekana imesimama kama mwendo ni 77.92. Chombo chema, ila husema tu jinsi gramafoni inavyozunguka, haisemi jinsi mwimbaji alivyoimba. Hilo ni la sikio. Walio hodari huanza na namba zilizochorwa karibu na karatasi ya katikati: sahani za kampuni moja zenye namba zinazofuatana mara nyingi zilinaswa katika kikao kimoja, na mwendo wa moja waweza kuwa mwendo wa nyingine. Huandika katika daftari namba ya sahani, mwendo waliouona sawa, tarehe, na jina la mzee aliyekuwapo kusikiliza, wala hawapigi mstari chini ya hesabu hiyo mpaka mzee wa pili naye awe ameisikia.