Meza ya Maulizo

Mtu mzima haingii maktaba kutafuta kitabu. Huingia ana jambo: mtoto anaharisha, kuku wanakufa, barua imekuja kwa Kiingereza, mume yuko Afrika Kusini na simu yake haipatikani. Kitabu, kama kipo, hufuata baadaye. Nimefanya kazi ya maktaba katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kwa sehemu kubwa ya utu uzima wangu, na ningeambiwa nimpe mkutubi kijana somo moja tu, ningempa hilo.

Dzaleka iko Malawi, wilaya ya Dowa, kaskazini ya Lilongwe; kwa minibasi unapita Lumbadzi, kisha unaiacha barabara kuu. Enzi za Rais Kamuzu Banda palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Mwaka 1994 pakafunguliwa kambi kwa ajili ya watu waliokimbia Rwanda, Burundi na Kongo. Ilipangwa kwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Sasa tumezidi 50,000. Mitaa yetu imepewa majina ya Malawi: Kawale, Likuni, Zomba, Blantyre. Ndani yake kunazungumzwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kibembe, Kifaransa, Lingala, na Chichewa cha wenyeji wetu.

Nilitoka Uvira, Kongo, nikiwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilivuka ziwa, nikapita Kigoma na Mbeya, nikaingia Malawi kwa mpaka wa Songwe. Kambini, aliyewahi kushika chaki haachwi akae bure. Nikakabidhiwa chumba cha vitabu. Vingi vilikuwa vya msaada, vya Kiingereza, vya shule au riwaya za watu wa mbali. Vya Kiswahili vilitosha rafu moja fupi. Watoto walijaa tangu asubuhi. Wakubwa walifika hadi mlangoni, wakanisalimu, wakaulizia watu wa nyumbani, wakaenda zao. Jambo hilo liliniuma, kwa sababu nilijua wana shida, na nilijua baadhi ya majibu yamelala nyuma yangu pale rafuni.

Nafasi ya mafunzo Lilongwe ilipopatikana, niliomba kibali cha kutoka. Malawi ilipojiunga mwaka 1987 na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka pembeni vifungu kadhaa, vikiwemo vya ajira na vya uhuru wa kwenda utakako. Kwa hiyo mkimbizi hutoka kambini kwa karatasi, na afanyapo kazi za mashirika hupewa posho ya kujitolea badala ya mshahara. Cheti hakikuwa cha kunipandisha cheo popote. Nilikwenda kutafuta ufundi.

Wenzangu darasani walikuwa Wamalawi, wengi wao wasaidizi wa maktaba za wilaya na wa vituo vya kusomea vijijini. Huduma ya Taifa ya Maktaba ya Malawi iliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, ikaanza kazi mwaka uliofuata, na tangu hapo imejaribu kuifikia nchi ambayo watu wake wengi wanaishi mbali na mji. Kituo cha kijijini mara nyingi huendeshwa na mwalimu au mtu wa kujitolea. Shahada ya ukutubi ipo Chuo Kikuu cha Mzuzu, lakini mtu anayefungua mlango asubuhi huwa ni msaidizi. Tulielewana upesi.

Mkufunzi wetu mkuu alikuwa mzee tuliyemwita Bambo, kama Wamalawi wanavyomwita mwanamume wa heshima. Alianza na Ilani ya UNESCO ya Maktaba za Umma, akatuwekea ya 1994 na ile iliyosahihishwa 2022. Niliisoma ya 1994 nikitazama mwaka wake: ndio mwaka ambao kambi yetu ilifunguliwa. Inaitaka maktaba ya umma imhudumie kila mtu bila kujali umri, dini, taifa, lugha wala hali yake, na iwatafutie huduma maalumu wasioweza kutumia za kawaida, wakiwemo wenye lugha za wachache na waliomo magerezani. Mimi nilikuwa natoka mahali palipokuwa gereza, nikihudumia watu wa lugha zisizo na kitabu hata kimoja kwenye rafu zetu. Nilihisi ilani ile inanidai.

Kisha tukaingia kwenye kiini. Mwaka 1968 Mmarekani mmoja, Robert Taylor, aliandika juu ya namna msomaji anavyofikia kuuliza. Alieleza kwamba swali hupita ngazi nne. Kwanza ni usumbufu moyoni usio na maneno. Kisha linapata maneno, lakini bado limevurugika. Halafu mwenyewe anaweza kulitamka wazi. Mwisho analikata na kulipunguza ili lifanane na kile anachodhani maktaba inacho. Hilo la mwisho ndilo linalofika mezani. Mkutubi anayelijibu jinsi lilivyo amejibu kipande. Kazi yake ni kumsaidia mtu arudi ngazi kwa ngazi, bila kumvua nguo mbele za watu.

Bambo alitufanyisha mazoezi wawiliwawili hadi tukachoka. Alitukataza neno moja: kwa nini. Tusimuulize msomaji kwa nini anataka kitabu fulani. Tumuulize angependa kimsaidie kufanya nini. Wenzangu waliliona jambo dogo. Kwangu lilikuwa zito kuliko yote tuliyofundishwa Lilongwe. Mkimbizi ameulizwa kwa nini mpakani, ameulizwa na askari, ameulizwa na afisa wa uandikishaji, akaulizwa tena na mwingine anayelinganisha majibu. Akilisikia neno lile maktabani, anafunga mdomo. Nikawakumbuka wale waliokuwa wakisimama mlangoni pangu.

Niliporudi nilisogeza meza. Ilikuwa karibu na mlango, kila apitaye anasikia. Nikaipeleka pembeni, mgongo wa msomaji ukielekea ukutani, nikaweka kiti cha pili ili mtu asiulize akiwa amesimama. Siku moja akaja mama wa makamo.

"Naomba kamusi ya Kiingereza, mwalimu."

"Ipo, mama. Ni ya mtoto wa shule?"

"Ni yangu."

"Karibu ukae. Ungependa ikusaidie kufanya nini?"

Alikaa kimya kidogo. "Nikijue Kiingereza kabla ya Alhamisi."

Alhamisi alikuwa na mahojiano. Jirani alimwambia kuwa anayejieleza kwa Kiingereza ndiye anayekubaliwa, na kwamba yupo mtu, kwa malipo, wa kumfundisha maneno ya kusema. Alikuwa tayari kuuza sehemu ya posho yake ya chakula. Nilimwonyesha karatasi ya UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, iliyobandikwa ukutani, nikamsomea kwa Kiswahili: mahojiano yana mkalimani, na hakuna huduma inayolipiwa, si fomu, si miadi, si safari. Nikamweleza kwamba ana haki ya kusema kuwa hamwelewi mkalimani, akaomba mwingine. Aliniuliza mara mbili kama ni kweli hakuna malipo. Kamusi nilimpa vilevile, aliitaka.

Ningempa kamusi tu na kumwandika kwenye daftari, takwimu zangu zingeonyesha msomaji mmoja amehudumiwa.

Kwenye daftari hilo lilikuwepo somo la pili. Bambo alianza kazi enzi za Banda, wakati Bodi ya Udhibiti, iliyowekwa kwa sheria ya 1968, ilipokuwa ikipiga vitabu marufuku na mtu kuweza kutiwa kizuizini bila kesi. Alituambia kwa sauti ya chini kwamba orodha ya nani kasoma nini ni silaha, na mkutubi ndiye anayeitengeneza kwa mkono wake. Katika kambi yetu wanaishi jirani watu waliokimbiana wao kwa wao. Kitabu cha historia ya nchi fulani, au kijitabu cha ugonjwa fulani, kinaweza kumtaja mtu. Kwa hiyo kitabu kikirudi, jina linafutwa kabisa, na maswali ya mezani huandikwa bila mwenyewe: afya moja, barua mbili, mifugo moja. Mfadhili mmoja aliwahi kutaka majina. Nilimpa hesabu.

Kuhusu kupanga vitabu, wapo wanaosema kambini mfumo wa namba wa Dewey ni mzigo. Siwaungi mkono. Nakiri mfumo ule una upendeleo wake: Ukristo na Biblia vimechukua sehemu kubwa ya namba za mia mbili, zile za dini, Uislamu umebanwa kwenye 297, fasihi ya Kiswahili yote imewekwa 896.392, nyuma ya mlolongo mrefu wa Wazungu. Lakini wasaidizi wangu huondoka. Namfundisha kijana mpaka anakuwa hodari, kisha familia yake inapata safari ya kuhamia nchi ya mbali, na kesho asubuhi anaingia mwingine. Kitabu chenye namba ya 636.5 mgongoni kitapatikana na yeyote aliyefundishwa mfumo, hata kama mimi sipo. Kwa msomaji nimeandika kibao kikubwa juu ya rafu, kwa Kiswahili na Chichewa: Kuku.

Na hao kuku walinifundisha maana ya kuhudumia jamii. Miezi ya joto, kabla ya mvua, waliingia watu mmoja baada ya mwingine wakiuliza habari za kuku kufa ghafla, wakimbizi kwa wanakijiji wa jirani. Sisi tunauita mdondo, Wamalawi chitopa. Kijitabu tulikuwa nacho kimoja, cha Kiingereza, na wengi wa waulizaji hawasomi lugha yoyote. Mafunzo yalikuwa yametuelekeza tuchore ramani ya jamii yetu: nani anajua nini, yuko wapi, anapatikana saa ngapi. Nikamfuata afisa mifugo, akaja akaketi nasi chini ya mti alasiri nzima. Alieleza kuhusu chanjo ya I-2, ile ya tone la jicho, inayotengenezwa Lilongwe na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne, na kwamba ni lazima itangulie ugonjwa, kwani kuku aliyekwisha kuugua haimponyi. Mimi nilitafsiri, mwenzangu akaweka Kirundi. Baadhi ya wakubwa waliokuja siku ile walikuwa hawajawahi kuvuka kizingiti cha maktaba; baadaye walivuka.

Mwezeshaji mwingine pale Lilongwe alikuwa amesomea chuo cha ukutubi cha Bagamoyo. Alitukumbusha Tanzania ya 1970, mwaka ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa wa elimu ya watu wazima, na jinsi gazeti la Elimu Haina Mwisho lilivyochapwa Mwanza kwa ajili ya waliojifunza kusoma ukubwani. Waliielewa shida yenyewe: mtu mzima akijua kusoma halafu asipate cha kusoma kinachomhusu, ujuzi humtoka. Natamani magazeti ya namna ile yangekuwepo leo, kwa Kiswahili na kwa Kirundi. Ningebandika kila ukurasa.

Kuna sehemu moja ambapo sikukubaliana na darasa moja kwa moja. Tulifundishwa kwamba mkutubi hutoa habari, hatoi ushauri. Ni sahihi, na ni kinga kwa pande zote. Lakini vitabu vya mafunzo vinamfikiria msomaji anayepewa waraka akausoma mwenyewe. Kwetu mzee analeta barua, anaiweka mezani, ananitazama. Nimejiwekea mpaka wangu. Nitaisoma yote, tangu kichwa hadi sahihi, nitaitafsiri yote bila kupunguza neno baya, na nitamwambia ni ofisi gani inaweza kumweleza zaidi. Akiniuliza, "Sasa mwanangu, nikubali au nikatae?" namjibu, "Papa, hilo ni la kwako na la wanasheria. Njoo nikuonyeshe siku zao." Inauma kumjibu hivyo mtu wa rika la baba yangu. Hata hivyo nimeona kambini watu waliofuata ushauri wa mtu mwema asiyejua sheria, wakapoteza rufaa kwa kuchelewa.

Mwaka 2023 serikali ilianza kuwarudisha Dzaleka wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini. Wafanyabiashara waliokuwa na maduka Lilongwe miaka mingi walishushwa na magodoro yao, wengine watoto wao wamekatishwa muhula. Maswali yakabadilika mezani ndani ya wiki chache. Wakati huo nilikuwa nafundisha wasaidizi wapya, na siku moja nilikaa karibu na rafu nikimsikiliza msichana mmoja akimhudumia baba aliyeomba kitabu chochote cha biashara. Aliuliza kama nilivyomfundisha, taratibu, bila neno lile tulilokatazwa. Ikatokea kwamba binti wa yule baba alikuwa Kidato cha Nne, amekwisha kuandikishwa MSCE, mtihani wa kumaliza sekondari, katika shule ya Lilongwe, na baba hakujua kama ataruhusiwa kuufanya.

Msichana hakulijua jibu, na alimwambia hivyo. Akaandika jina la shule, akamwomba arudi kesho baada ya adhuhuri, akaja kwangu tukapiga simu. Mwalimu mkuu akasema mtahiniwa atafanyia kituo alichoandikishwa, na shule itatoa barua ya kuombea kibali. Jioni ile msichana alifungua ukurasa mpya katika daftari letu la majibu, akauita Mitihani: nani wa kupigiwa, barua gani, kibali kinaombwa dirisha gani, siku zipi. Kabla ya wiki kwisha wazazi wengine watatu walikuwa wameutumia ukurasa huo.