Risiva Inasikia Uga, Haioni Waya

Leo PHP ipumzike kidogo, tuingie udongoni.

Tangu kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zifike Mombasa mwaka 2009, uchimbaji wa mitaro ya faiba Nairobi haujaisha, na intaneti ikipotea sababu ni ile ile: kuna mtu amechimba. Kwa hivyo nilipomkuta fundi akitafuta kebo karibu na ofisi yetu, nilimwomba anieleze mtambo wake.

Ni vifaa viwili. Transmita inafungwa kwenye waya au bomba la chuma, na mguu wake wa pili kwenye kigingi kilichopigwa ardhini ili mkondo upate njia ya kurudi. Inasukuma mkondo wa masafa maalum, mathalani kilohezi 8 au 33. Mkondo unazungusha uga wa sumaku, nayo risiva inaunasa kwa koili mbili, moja juu ya nyingine. Kina hupatikana kwa hesabu ya mstari mmoja: koili zikiachana sm 40, na ya chini ikisoma mara 1.5 ya ile ya juu, waya uko sm 80 chini ya koili ya chini. Tamu sana!

Tatizo ni kwamba hesabu hiyo inadhani waya ni mmoja. Kando ya barabara zetu kuna stima, simu na maji bega kwa bega, na mkondo huvuja kwa jirani, hasa masafa yakiwa juu. Fundi alipima mara mbili, kwanza mahali sauti ni kubwa kabisa, halafu kwa njia nyingine ambapo inazimika. Alama hizo zilipishana kama urefu wa kiatu. Akakataa kuandika kina.

Bomba la plastiki nalo halisikiki kabisa. Faiba yenyewe ni kioo. Husikika tu ikiwa ina ganda la chuma au imezikwa pamoja na waya wa kufuatilia.

Sasa jamani, mwenye sururu haoni skrini. Yeye hupewa namba tu, na chini kunaweza kuwa na stima ya volti 11,000. Wenzangu mnaounda programu za ramani hizi, wekeni safu ya kipimo cha pili pia. Zikipishana, programu isitoe kina. Fundi yule aliandika kwa rangi: CHIMBA KWA MKONO, POLEPOLE.