Masanamu ya Jedda

Wengi wetu twendao umra huijua Jedda kwa uwanja wake wa ndege tu. Safari hii tulibakiwa na siku nzima kabla ya kurejea Mombasa, tukawachukua jamaa kwenda kutazama kazi kubwa za chuma, shaba na mawe zilizosimamishwa kandokando ya barabara za mji ule.

Asili yake ni miaka ya 1970, pesa za mafuta zilipokuwa zikiubadili mji. Meya Mohamed Said Farsi aliagiza kazi kwa mafundi mashuhuri wa dunia, akina Henry Moore, Joan Miró na Alexander Calder, na adabu ya mahali ikachungwa: umbo la mwanadamu halikusimamishwa. Mtu hukuta maduara na vyuma vilivyopindana, na Bahari ya Shamu nyuma yake. Chumvi ilizila nyingi, hata zikahitaji kutengenezwa upya. Sisi wenye mabati ya pwani hatukulistaajabia hilo.

Shangazi yetu alikataa kushuka garini. "Sikuja Hijazi kutazama masanamu, wanangu." Hatukumlaumu. Hadithi zinazomkemea mwenye kuunda kiumbe chenye roho tumezisoma sote chuoni, na yeye ndiye aliyekwisha kumkataza binti yetu wa miaka 11 kuchora. Daftari la mtoto huyu limezua maneno mengi nyumbani.

Tulipofika kwenye mzunguko wa barabara penye baiskeli ya chuma, kazi ya Mhispania Julio Lafuente, gurudumu lake limelipita gari letu kimo mara kadhaa, shangazi alifungua mlango mwenyewe. Aliizunguka kwa macho kitambo, akauliza pedali zimeungwa vipi. "Hii ni chombo," akasema. "Haina roho." Binti akaichora hapo hapo, na hapana aliyemzuia.

Ugumu ulikuja mbele ya ngumi kubwa, kazi ya Mfaransa César. Mtoto akauliza: na mkono pekee, je? Tulimjibu kwamba wako wanavyuoni waonao kuwa kisicho na kichwa si umbo la kiumbe kamili, na wako walio wakali zaidi. Shangazi akageukia baharini.

Muhula ujao mwalimu wake anataka kila mtoto afinyange mnyama. Tumemwandikia kumwomba binti yetu aruhusiwe kufinyanga jahazi. Twangoja jibu.