Mshikie Nafasi Yake

Rangwe, Homa Bay

Kwako Ochieng', mwana wa ndugu yangu,

 

Habari ya mwenzako wa hapo hadwea imeniumiza. Mtu aliyekuwa akipiga hesabu ya mabati kwa kichwa sasa anakodolea macho droo ya pesa, na wenzenu wananong'ona kwamba ni chira, laana ya kuvunja mila. Mila naziheshimu, unanijua, lakini huyo mpelekeni kwa daktari. Ugonjwa wa akili unatibika, na wengi hupata nafuu.

Umeuliza umwambie nini. Machache. Mkishafunga duka, mweleze ulichokiona, kisha unyamaze umsikilize. Usimwambie ajikaze, wanaume wetu wanaambiwa hivyo tangu utotoni, na makaburi tunayaona. Akisema amechoka na maisha, muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Swali hilo halimwingizii wazo hilo kichwani. Akikubali, usimwache peke yake. Dawa za kunyunyizia mimea ziondolewe nyumbani kwake, na mwende hospitali iliyo karibu usiku huohuo. Hata kama ameshajaribu, hofu ya polisi isiwacheleweshe: tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba.

Linaloninyima usingizi zaidi ni kibarua chake. Bosi wenu ataona uvivu tu, amfute kazi. Sasa sikiliza: Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30, inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili, kisha 7 kwa nusu mshahara, kila mwaka, mradi alete cheti cha daktari. Asipokuwa na cheti atahesabiwa mtoro. Msindikize kliniki, ukae naye foleni, na hiyo karatasi aipeleke kwa bosi yeye mwenyewe. Wapakiaji na wateja hawana haja ya kujua anaugua nini.

Akiwa likizo, mshikie kaunta. Lakini pesa zikipungua usimfichie, maana mtaingia kwenye kesi wote wawili na hakutakuwa na wa kumtetea. Na kwao nani anajua? Mwombe ruhusa umwambie mmoja wa ndugu zake, kwa sababu mzigo huu hutaubeba peke yako.

Usingoje mwisho wa mwezi. Jumatatu mpitie kwake asubuhi, mwende kliniki kwanza.

Ni mimi,
Shangazi yako, Waya