Lukano na Mawe Sita



Wengi wenu mnamjua Thanos kwa njia ya sinema mbili zilizotoka mwaka 2018 na 2019, ambazo zimepita kutoka simu hadi simu mpaka huku kwetu Musumba. Wachache wamesoma vitabu vya picha ambamo hadithi hiyo ilizaliwa. Mwisho wa vitabu si sawa na mwisho wa sinema, na tofauti hiyo ndiyo iliyotufanya tubishane Jumamosi tatu mfululizo baada ya rozari. Tumeona vema kuwaandikia yale tuliyoyapata, kwa sababu mabishano yale yalitufikisha mahali ambapo hatukutazamia: uchaguzi wa komite yetu wenyewe.

Kitabu chaitwa The Infinity Gauntlet. Kiliandikwa na Mmarekani Jim Starlin, kikachorwa na George Pérez na Ron Lim, na kampuni ya Marvel ikakitoa kwa sehemu sita mwaka 1991. Thanos amekusanya mawe sita, na kila jiwe hutawala jambo moja: nafsi, akili, nguvu, wakati, mahali na uhalisi wa vitu. Ameyapachika yote juu ya glovu ya mkono wa kushoto, na tangu hapo hakuna kiumbe awezaye kumpinga. Anampenda Mauti, ambaye huchorwa kama mwanamke mwenye kujifunika ushungi, na ili ampendeze anaangamiza nusu ya viumbe vyote hai kwa kufyatua vidole mara moja. Mauti hamjibu neno. Ukurasa huo ulituchekesha, kisha ukatunyamazisha. Mtu amepata uwezo wote, naye hawezi kupata jibu la salamu.

Mashujaa wanakuja kupigana naye, naye anawaua mmoja baada ya mwingine. Baada yao zinakuja enzi kuu za ulimwengu, nazo zinashindwa. Ndipo Thanos anapotamani kuwa ulimwengu wenyewe, akauacha mwili wake jinsi mtu avuavyo koti. Glovu inabaki kwenye mkono wa mwili ule uliotupwa. Karibu hapo yuko Nebula, mwanamke aliyedai kuwa mjukuu wake. Thanos alikuwa amemtesa na kumfanya asiwe hai wala maiti, ili tu amwonyeshe Mauti ustadi wake. Hakuna aliyekuwa akimtazama tena. Nebula ananyoosha mkono wake ulioungua, anaivua glovu, anaivaa.

Kwa maoni yetu hapo ndipo penye kiini cha hadithi nzima. Mawe hayakumjua bwana wao. Yalimtii Thanos dakika moja, na dakika iliyofuata yakamtii Nebula, kwa bidii ile ile. Karibu na mwisho, Adam Warlock, aliyeongoza mapambano yale, anamwambia Thanos ukweli mchungu: si mara yake ya kwanza kuushika uwezo wa mwisho na kuupoteza, na kila mara ameupoteza kwa kuwa ndani ya moyo wake alijua kwamba hakuustahili.

Na Thanos hafi. Watu wanadhani amekufa, kumbe amekwenda kwenye sayari tulivu, anakaa katika nyumba ndogo na kulima. Sinema nayo ina shamba, lakini humo shambani anakatwa kichwa. Wavulana wengi wa kikundi walipendelea kichwa kikatwe. Mmoja tu, ambaye mama yake anamtuma shambani kila asubuhi kabla ya shule, alisema kulima ni adhabu iliyotosha.

Tungeweza kuishia hapo, lakini mwandishi hakuishia hapo. Glovu sasa iko mikononi mwa Warlock, mtu mwema. Baadaye anaamriwa ayatenganishe mawe, naye anayagawa kwa watu mbalimbali ili yasikae tena kwenye mkono mmoja. Hata hivyo, katika muda mfupi aliokuwa nayo alifanya jambo la hatari: aliondoa nafsini mwake wema na ubaya, apate kuamua mambo kwa akili tupu. Ubaya ule ulijifanyia mwili, ukaleta vita katika kitabu cha mwaka 1992. Wema nao ulijifanyia mwili, na mwaka 1993 ukaja kitabu cha tatu, The Infinity Crusade, kinachofunga mfululizo. Humo wema umekuwa mwanamke aitwaye Goddess, mwenye sura ya utakatifu na maneno matamu. Anawavuta kwake hasa mashujaa wenye imani. Anaahidi kuimaliza dhambi, na njia aliyoichagua ni kuuteketeza ulimwengu, kwa kuwa pasipo watu hapana dhambi.

Mkatoliki asomaye anaweza kudhani kwamba hapo dini inadhihakiwa. Sisi hatukuona hivyo. Tulikumbuka mfano wa Bwana katika Mathayo, sura ya 13, juu ya magugu katikati ya ngano. Watumishi walitaka kuyang'oa mara moja, kwa nia safi kabisa, na mwenye shamba akawazuia mpaka siku ya mavuno, wasije wakang'oa na ngano. Goddess ni mtumishi yule asiyeweza kungoja. Tunamwogopa kuliko Thanos, kwa sababu Thanos hangekubaliwa kamwe kuwa kiongozi wa kikundi cha parokia, lakini yeye angekubaliwa kwa makofi.

Basi, mzee mmoja katekista, aliyekuwa amekaa pembeni akitusikiliza, alituuliza kwa nini tunasafiri hadi Marekani kutafuta habari za uwezo unaovaliwa mkononi, na sisi ni watoto wa Musumba.

Alisema kweli. Lukano, bangili ya ufalme wa Walunda, iliyofumwa kwa mishipa ya watu, ndiyo iliyomtambulisha mtawala. Habari zake husimuliwa kwa namna nyingi, nasi tunaifuata ile inayojulikana zaidi. Yala Mwaku, mkuu wa nchi karibu na mto Kalanyi, alikuwa akifuma mkeka, na chungu cha maji ya kulowekea kamba kilikuwa kando yake. Maji yalikuwa meupe kwa sababu ya zile kamba. Wanawe wawili, Kinguri na Chinyama, walirudi wamelewa, wakadhani ni pombe ya mchikichi ambayo baba anawanyima. Wakampiga. Binti yake Ruwej ndiye aliyemwuguza, na baba alipokaribia kufa akampa yeye lukano, akawapita wanawe.

Tazameni tofauti. Glovu ya Thanos hunyakuliwa. Yeyote anayeifikia anaweza kuivaa. Lukano hutolewa. Kinguri alikuwa na nguvu za kumpiga baba yake hata kumlaza kitandani, lakini kipigo kile hakikumpatia bangili.

Baadaye akaja mwindaji kutoka kwa Waluba, Chibinda Ilunga, mtu wa adabu na mwenye silaha nzuri. Ruwej akaolewa naye. Zikafika siku za mwezi ambazo mwanamke hakuruhusiwa kuvaa lukano, naye akamvisha mumewe mbele ya wakubwa. Ndugu zake hawakuvumilia kutawaliwa na mgeni. Kinguri akaondoka na watu wake kwenda magharibi, hadi nchi ambayo leo ni Angola. Chinyama naye akaenda zake, na Waluvale humtaja katika asili ya watawala wao. Ruwej hakujaliwa mtoto, akampa mumewe mke mwingine, Kamonga, na kwa uzao huo wakatoka wale waitwao Mwant Yav.

Kama tungekuwa tunatafuta mfano mwepesi, tungesema Ruwej ni mtakatifu wa kuachilia madaraka, tukafunga daftari. Dada zetu katika kikundi walikataa. Walisema Ruwej hakuachilia. Alivuliwa na desturi, na wanaume wakaipamba habari ili ionekane kuwa zawadi. Mmoja akaongeza kwamba kama Chibinda angekuwa mtu wa haki, angeirudisha bangili siku ya nane. Hatukuwa na jibu. Tunajua tu kwamba hata leo, katika baraza la Mwant Yav, kuna cheo cha mwanamke kiitwacho Swana Mulunda, kinachobeba kumbukumbu ya Ruwej kama mama wa Walunda, na kila anayekirithi husimama mahali pa yule wa kwanza. Walioivaa lukano wamepita wengi. Aliyeitoa bado ana kiti chake.

Wala lukano haikuwalinda watu wetu na vita. Katika karne ya 19 warithi waligombana, wakawaita Wachokwe wawasaidie wao kwa wao, na katika miaka ya 1880 Wachokwe wale wakaiteka Musumba yenyewe. Mwana mwingine wa Musumba, Moïse Tshombe, aliyezaliwa hapa mwaka 1919, aliiongoza Katanga iliyojitenga tangu Julai 1960 hadi Januari 1963, akawa waziri mkuu wa nchi nzima mwaka 1964, na mwaka 1969 akafa kifungoni Algeria. Wazee wetu hawakubaliani juu yake, na hapa si mahali pa kumhukumu.

Mawe nayo tunayo. Kaka zetu wengi wameshuka Kolwezi kutafuta shaba na kobalti. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo, watu waligundua kwamba kobalti iko chini ya nyumba zao, wakaanza kuchimba mashimo ndani ya viwanja, hata ndani ya vyumba vya kulala. Ulimwengu wote unayataka mawe hayo kwa ajili ya betri za simu na magari. Simu ile ile iliyotuonyesha Thanos ndani yake mna kobalti, na huenda ilitoka chini ya kitanda cha mtu. Katika sinema mawe humpa mwenye kuyashika uwezo wote. Kolwezi ayashikaye wa kwanza, yule aliye ndani ya shimo, ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote. Uwezo huongezeka kadiri jiwe linavyokwenda mbali na mkono wake.

Tunafika sasa kwenye jambo letu. Mmoja wa vijana waliokwenda Kolwezi amerudi akiwa na mali. Ana depo ya kununulia mawe, naye ni mkarimu: alilipia mabati ya chumba chetu cha mikutano na dawa za wagonjwa wawili. Ameomba achaguliwe kuwa prezida wa vijana wa parokia. Ameahidi vitenge vya sare, vyombo vya muziki, na gari la kutupeleka kwenye hija. Anataka mambo mawili tu: sanduku la fedha, ambalo sasa lina funguo mbili mikononi mwa watu wawili, liwe na ufunguo mmoja, na muhula wa miaka miwili usiwe na kikomo. Anasema, na hatudhani anadanganya, kwamba kazi njema hucheleweshwa na vikao.

Tulisoma Injili ya Yohane, sura ya 13. Mwinjili anasema kwanza kwamba Yesu alijua ya kuwa Baba amempa vyote mikononi mwake. Kisha mara moja, katika mwendo ule ule wa maneno, anaondoka mezani, anavua vazi lake, anajifunga kitambaa na kumimina maji katika bakuli. Tulikuwa tumesikia somo hilo kila Alhamisi Kuu, na hatukuwahi kuona kwamba mambo hayo mawili yamefungamana. Vyote vimo mikononi mwake, na mikono hiyo inashika miguu ya watu wenye vumbi, ikiwemo miguu ya Yuda, ambaye usiku ule ule atatoka kwenda kumsaliti. Hakumnyang'anya Yuda uhuru wake, ingawa angeweza. Hapo ndipo Goddess wa kitabu na Mwana wa Mungu wanapoachana njia kabisa.

Wengine kati yetu wakasema somo hilo linamkataa tajiri wetu. Wengine wakasema linamkubali, kwa kuwa ametumikia kwa mali yake, na kwamba sisi maskini tunaona wivu na kuuita utambuzi wa roho. Neno hilo lilituuma, kwa kuwa lina ukweli ndani yake. Dada mmoja, mtunza ufunguo wa pili, aliuliza swali ambalo halijajibiwa: kama tukimpa ufunguo mmoja kwa sababu ni mwema, nani atakuwa na ufunguo siku atakapokuwa Kolwezi, na glovu imebaki kwenye mkono usio na mtu? Mzee katekista aliyekuwa hajui habari za Nebula ilibidi aelezwe, akacheka sana.

Tumeamua kwanza kutenganisha mambo mawili. Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili tutapigia kura kanuni za sanduku na muhula, bila jina la mtu yeyote. Wiki mbili baadaye tutamchagua prezida chini ya kanuni zitakazokuwa zimepita. Kijana mwenyewe ameelezwa, mbele ya Padri Paroko. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza kama anaweza kugombea hata kama funguo zitabaki mbili. Tukamjibu kwamba anaweza. Akasema atafikiri, na kabla ya kuondoka akatuomba tumwazime kile kitabu cha picha.