Asiyeulizwa Hajapimwa

Katika uzee wangu nimepata mwalimu mpya, naye ni mjukuu wangu, mwandishi wa programu za kompyuta. Amenifundisha habari za Eigen, maktaba ya hesabu iliyoandikwa kwa lugha ya C++.

Kwa kawaida maktaba ya namna hiyo ina sehemu mbili. Faili za vichwa hutangaza kazi zilizomo. Kazi zenyewe hutafsiriwa mapema na kompaila kuwa lugha ya mashine. Eigen haina sehemu hiyo ya pili. Yote yamo katika vichwa, na hutafsiriwa pale tu programu nyingine inapoyaita. Kwa hiyo kuisimika ni kunakili folda. Hata ukitumia CMake, chombo cha kuratibu ujenzi, mwisho wake faili zile zile hunakiliwa mahali ambapo kompaila itaziona.

"Kama hakuna cha kujenga," nikamwuliza, "mbona unajenga?"

"Babu, ninayojenga ni majaribio."

Kazi nyingi za Eigen ni violezo. Kompaila hukikagua kiolezo juu juu tu. Ukaguzi kamili hufanyika kinapotumika kwa aina mahsusi ya namba. Kosa laweza kulala humo miaka mingi, mashine isinung'unike, kwa sababu tu hakuna aliyekiita. Ndiyo maana majaribio huiita kazi moja mara nyingi: kwa namba nzima, kwa desimali, kwa namba changamano, kwa jedwali dogo na kubwa.

Nikawakumbuka wanachuo wangu wakati wa mazoezi ya kufundisha. Yupo aliyekuwa na andalio la somo safi, lugha imenyooka. Mtoto mmoja akauliza swali, andalio likaishia hapo. Tena wapo watoto wa madawati ya nyuma. Hawasumbui, basi hawaulizwi. Na kwa kuwa hawaulizwi, huhesabiwa kuwa wameelewa. Mtihani wa taifa ndio unaowaita kwa mara ya kwanza, na wakati huo mwalimu hayupo. Nilizoea kuwaambia wanachuo: ukimya wa mwanafunzi si jibu.

Ukimya wa kompaila nao si jibu. Ndugu msomaji, ukiona kitu kimesimikwa bila taabu, usiishie kufurahi. Uliza ni nani aliyekwisha kukiita, na kiliitikaje.