Mkaguzi wa hesabu na kitufe cha kufuta

Kuna usomaji ambao watu wengi wangeuona ni adhabu: ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu kaunti zetu 47. Mimi huzisoma kwa hiari. Riziki yangu inatokana na kuandika programu za kompyuta, na kwangu ripoti hizi zinafanana sana na orodha ya hitilafu ambazo wateja hunitumia: hapa pana kosa, hili tulikwambia mwaka jana, hili bado liko vile vile. Tofauti ni kwamba mimi nisiporekebisha hitilafu silipwi.

Kwanza nieleze jinsi mtambo wenyewe unavyofanya kazi, maana wengi wetu tunasikia tu kwenye taarifa ya habari kwamba mamilioni hayajulikani yalikoenda, halafu tunaendelea na ugali wetu.

Mwaka wa fedha wa serikali unaisha Juni 30. Kaunti inapewa miezi mitatu ifunge vitabu na kuvikabidhi kwa mkaguzi, yaani hadi mwisho wa Septemba. Kifungu cha 229 cha Katiba ya 2010 kinampa Mkaguzi Mkuu miezi sita tangu mwaka ufungwe, kwa hivyo kufikia Desemba 31 anatakiwa awe amemaliza. Ripoti inapelekwa Bungeni au kwa bunge la kaunti husika, na hao nao wana miezi mitatu ya kuijadili na kuchukua hatua. Piga hesabu: pesa iliyotumiwa vibaya mwezi wa Juni ingekuwa imejadiliwa na kuamuliwa kabla ya Aprili ya mwaka unaofuata. Kwenye karatasi hiyo ni ratiba safi kabisa.

Mambo hukwama kwenye hatua ya mwisho. Ukifuatilia vikao vya kamati za Bunge na Seneti utaona mara nyingi swali linalojadiliwa ni la miaka kadhaa iliyopita. Gavana anayehojiwa anasema hayo yalifanywa na aliyemtangulia. Mhasibu aliyetia sahihi amehamishwa. Mwanakandarasi amefunga ofisi. Anayeuliza maswali anajua hivyo, na anayejibu anajua kwamba anayeuliza anajua.

Sasa kuhusu maoni ya mkaguzi. Yako ya aina nne, na ndugu zetu wa Tanzania wameyapa majina yanayoeleweka kuliko yetu: hati inayoridhisha, hati yenye shaka, hati isiyoridhisha, na mwisho kabisa pale mkaguzi anaposhindwa kutoa maoni. Watu hudhani hati isiyoridhisha ndiyo mbaya zaidi. Mimi naogopa ile ya nne. Hesabu zikiwa na makosa, angalau zipo, unaweza kuzinyooshea kidole. Mkaguzi akisema hawezi kutoa maoni, maana yake amefika ofisini, ameomba vocha, mikataba na taarifa za benki, akakosa vya kutosha kumwezesha kusema lolote. Ni kama kuitwa kutafuta kwa nini seva imeanguka, halafu unakuta kumbukumbu zote za seva hazipo. Hapo tatizo lako limebadilika. Kabla ya kuuliza ni nini kilichoharibika, unauliza ni nani aliyezifuta.

Na hati inayoridhisha nayo isikulaze usingizi. Inasema vitabu vinaonyesha kwa haki hali ya fedha ilivyo. Haisemi kwamba zahanati iliyojengwa ina dawa. Ndiyo maana ripoti za Kenya zina sehemu nyingine mbili baada ya ile ya hesabu: moja inahusu kama pesa zilitumika kisheria na kwa njia yenye manufaa, nyingine inahusu udhibiti wa ndani na usimamizi. Ukitaka kujua kaunti yako inaendeshwaje, ruka majedwali yote uende kwenye sehemu hizo mbili. Humo utakuta mishahara iliyolipwa kwa orodha ya karatasi nje ya mfumo wa kompyuta. Utakuta gharama ya wafanyakazi iliyopita asilimia 35 ya mapato, ambayo ndiyo kikomo kilichowekwa na kanuni za 2015. Utakuta rejista ya mali isiyokamilika, ikimaanisha hakuna anayeweza kusema kwa hakika kaunti ina magari mangapi. Utakuta soko lililokamilika lakini halina mfanyabiashara hata mmoja ndani.

Nimewahi kuuona upande wa pili wa meza. Miaka kadhaa iliyopita nilipata kazi ndogo katika kaunti moja ambayo sitaitaja, ya kutengeneza programu ya kukusanya ushuru wa soko. Karani anabonyeza kwenye simu, mama mboga anapata risiti, jioni jumla inasomeka makao makuu. Kazi ya miezi minne. Tulipokaribia kumaliza, mtu mmoja wa ofisi ya mapato akaniomba niongeze kitufe cha kufuta malipo. Nikamwambia kitufe cha kurekebisha kipo tayari: ukikosea, unaandika malipo ya kinyume, na yote mawili yanabaki kwenye kumbukumbu pamoja na jina lako na saa. Akasema hapana, anataka kufuta kabisa, kwa sababu makosa yakionekana "wakaguzi watatusumbua".

Wale wa taaluma yangu wanajua kwamba hilo ni ombi la dakika kumi. Mstari mmoja wa amri kwenye hifadhidata. Lakini fikiria kidogo kinachoombwa. Karani amekusanya shilingi elfu nane, jioni anafuta risiti thelathini, anapeleka elfu tano. Mama mboga ana karatasi yake mkononi, soko halina taarifa naye. Akija askari wa kaunti kumwuliza kama amelipa, mfumo utasema hajalipa, na mfumo siku hizi huaminiwa kuliko mtu. Nilikataa. Nikaandika barua pepe ya heshima kueleza sababu. Awamu ya pili ya mkataba haikuja, na malipo ya mwisho ya awamu ya kwanza bado nayasubiri. Kwenye ripoti za mkaguzi kuna jedwali la madeni ambayo kaunti haijalipa, na kila likitoka ninalifungua kwanza kabla ya kitu kingine, nione kama nimo.

Kanuni ninayoizungumzia ni ya zamani kuliko kompyuta. Kila mwanachama wa chama anaijua: mweka hazina hapaki rangi nyeupe juu ya tarakimu, anakata kwa mstari mmoja ili iliyokatwa isomeke, na anatia sahihi pembeni. Mawakala wa M-Pesa, tangu huduma ianze mwaka 2007, walikuwa na lile daftari refu la mistari ambalo mteja anaandikwa jina, namba ya kitambulisho na kiasi, kisha anatia sahihi. Sisi waandishi wa programu tumeichukua kanuni hiyo na kuipa majina ya kutisha, lakini ni daftari lile lile.

Serikali nayo ina daftari lake, mfumo wa IFMIS, ambao kaunti zilitakiwa kuutumia tangu ugatuzi uanze 2013. Mwaka 2015 ilipolipuka kashfa ya shilingi milioni 791 katika Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, sehemu kubwa ya mjadala ilihusu neno la siri: nani aliingia kwenye mfumo kwa jina la nani na kuidhinisha malipo. Mimi nilisikiliza mjadala ule kwa masikio ya fundi. Mfumo ulikuwa umeandika kila kitu kama ulivyotakiwa. Uliandika jina, saa na kiasi. Kile ambao hauwezi kuandika ni kidole cha nani kilikuwa kwenye kibodi. Ofisi ambayo neno la siri la mkubwa linajulikana na katibu wake, na wakati mwingine limebandikwa chini ya kibodi, imejitengenezea kitufe cha kufuta bila kuandika hata mstari mmoja wa programu.

Halafu lazima pawe na mtu wa kusoma. Wenye umri wangu wanakumbuka Goldenberg, ile biashara ya miaka ya mwanzo ya tisini ambapo serikali ililipa fidia ya mauzo ya nje kwa dhahabu na almasi ambazo nchi hii haikuwa nazo za kuuza. Karatasi zilipita mezani pa watu wengi Benki Kuu. Karani mmoja, David Munyakei, aliziangalia vizuri na kuzifikisha kwa wanasiasa wa upinzani. Alikamatwa mwaka 1993, akapoteza kazi, na alipofariki mwaka 2006 alikuwa maskini. Huwa namkumbuka kila ninaposikia mtu akisema mfumo mpya wa kompyuta utamaliza ufisadi.

Ripoti iliyonitoa usingizini zaidi miaka ya karibuni haikuhusu barabara wala mahindi, ilihusu programu. Katika ukaguzi wa mwaka wa fedha uliofungwa Juni 2024, Mkaguzi Mkuu Nancy Gathungu aliuangalia mfumo wa kidijitali wa bima ya afya ya jamii, SHA, wa shilingi bilioni 104.8. Alisema ununuzi haukuwa wa ushindani na haukuwa kwenye mpango wa manunuzi. Kisha likaja lile lililonifanya niisome aya mara mbili: umiliki wa mfumo, pamoja na haki zake za ubunifu, hauko kwa serikali.

Kwa asiye fundi naomba nifafanue kwa nini hilo ni zito kuliko bei. Daftari likiwa la kwako, mkaguzi akija unamfungulia. Likiwa la mtu mwingine, mkaguzi anaona kurasa ambazo mwenye daftari ameamua kuzionyesha. Katiba inampa Mkaguzi Mkuu mamlaka juu ya ofisi za umma. Seva ya kampuni, mkataba wake na ufunguo wa hifadhidata yake ni mlango mwingine. Zamani tulihesabu mifuko ya saruji. Kizazi hiki cha wakaguzi kitalazimika kuuliza nani ana ruhusa ya kubadilisha rekodi saa nane usiku, na sijui vyuo vyetu vya uhasibu vinafundisha swali hilo kwa kiasi gani.

Lalamiko langu dogo kwa ofisi ya mkaguzi yenyewe: ripoti hutolewa kwa PDF, na baadhi nilizopakua zilikuwa picha za karatasi. Huwezi kutafuta neno ndani yake. Tangu Julai 2011, Rais Kibaki alipozindua tovuti ya takwimu huria za serikali, tumeambiwa data ni ya wananchi. Picha ya jedwali si data, jamani.

Kwa hivyo nimeanza kuzinakili. Nimechukua kaunti yangu pekee, ripoti za miaka mitano, kila hoja ya mkaguzi kwenye safu yake: mwaka, kiasi, kama ilikuwepo mwaka uliotangulia. Kuna hoja kuhusu rejista ya mali inayojirudia kwa maneno yale yale mwaka baada ya mwaka, ni tarehe tu inayobadilika. Faili ni jedwali la kawaida, linafunguka hata kwenye kompyuta kuukuu. Mwenye kutaka kufanya kaunti yake aniandikie nimtumie mpangilio wa safu, ili tukija kuyaunganisha yaoane.